Andika posti ya dagaa inayomfanya mteja atume meseji

Wangaluka! Kwa msiojua Kisukuma, habari za asubuhi. Niko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na hizo kelele nyuma yangu ni wapakiaji, mtawavumilia. Leo tunashughulika na sentensi moja tu ya posti: ile inayomwambia mteja afanye nini.

Kwanza, fungua posti yako ya mwisho. Hii hapa ni yangu ya zamani, ngoja niisogeze kwenye kamera: "Dagaa wazuri wapo, bei poa, karibuni nyote, like, share, follow, piga simu au njoo DM, bei inbox." Mtu yuko kwenye daladala la Buzuruga, mkono mmoja kashika bomba, mwingine simu, nami nimemwagiza mambo sita. Hatafanya hata moja. Chagua moja. Mimi nataka anitumie meseji WhatsApp, kwa hiyo mengine nafuta. Isitoshe, Facebook walitangaza Desemba 2017 kwamba posti za kuombaomba like na share wanazishusha chini.

Na hiyo "bei inbox" iondoke kabisa. Najua unaogopa jirani wa meza ya pili aione bei. Jirani anaijua tangu alfajiri, mmenunua kwenye mtumbwi mmoja! Asiyeijua ni mteja wa Dodoma, naye anahisi unataka kumpima mfuko kwanza.

Sasa tuandike. Anza na kitenzi, ongea na mtu mmoja. "Karibuni" ni neno zuri la mlangoni, ila halimwonyeshi mtu abonyeze wapi. Halafu mtajie atakachopata akishatuma. Hapa jiulize mteja wako anaogopa nini. Wa kwangu anaogopa mchanga. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, walioanikwa kwenye chanja hawana, na kwa picha huwezi kutofautisha. Tazama ninavyoandika:

"Kisado 12,000. Tuma neno KISADO WhatsApp, nikurushie video ya dagaa wa leo nikiwapekecha kiganjani."

Bei hiyo ni ya mfano, weka ya kwako. Umeona lakini? Hajaombwa kununua. Ameombwa neno moja, na analipwa kwa video.

Mrahisishie njia. Andika wa.me/ kisha namba yako ukianzia na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mwishoni ongeza ?text=KISADO. Akigusa hiyo linki, WhatsApp inafunguka na neno limeshaandikwa, kazi yake ni kutuma tu. Iguse mwenyewe kwanza ujue inafika kwako. Kwenye maelezo ya picha ya Instagram linki haibonyezeki, iweke kwenye wasifu wako, au kwenye stori kwa stika ya linki.

Bado kuna suala la haraka. Niliwahi kuandika "Wahi, yamebaki magunia mawili" kila siku, wiki tatu mfululizo. Mama mmoja akapanda basi kutoka Shinyanga kuyawahi hayo mawili, akakuta nimeyapanga mpaka kwenye bati. Aliyahesabu kwa sauti. Sina hamu.

Na haraka ya kweli tunayo, ziwa linatupa kila mwezi! Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa haiwavuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Basi sema hivyo: "Giza linaisha wiki hii. Tuma KISADO kabla mbalamwezi haijapandisha bei." Giza likirudi, futa hiyo sentensi. Usiiache ikae hapo kama bango la uchaguzi uliopita.

Ukishamaliza, mpe mtu wa nyumbani simu, asome posti mara moja, umuulize: "Nimekwambia ufanye nini?" Akianza na "nadhani", rudi ukafute tena.

Nami nina ombi moja: andika kwenye komenti sentensi ya mwisho ya posti yako ya jana, kama ilivyo. Tatu nitazirekebisha kwenye video ijayo. Haya, zima kamera, hilo wingu linatoka ziwani na dagaa wangu wako kwenye chanja.