Ukungu wa Mizabibu: Geuza Jani Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipokea. Kabla sijaendelea, naomba mfuko huu wa nailoni uzunguke. Ndani mna jani la mzabibu nililolichuma jana jioni. Nililiweka pamoja na karatasi iliyoloweshwa, nikafunga mfuko na kuuacha gizani usiku kucha. Jana jani hili lilikuwa na mabaka ya njano tu upande wa juu, yaking'aa kama tone la mafuta kwenye karatasi. Sasa tazameni upande wa chini. Mnaona kitu kama pamba nyeupe, pale pale penye baka? Huo ni ubwiri vinyoya, mmoja wa magonjwa mawili ya mizabibu ambayo watu huyachanganya; mwingine ni ubwiri unga. Ili uzae hutaka giza na unyevu, nami nimeupa vyote viwili.

Nimeanza na jani kwa sababu wakulima wengi wanaoharibikiwa si wavivu. Wananyunyiza, tena sana, ila dawa isiyo yake. Mimi mwenyewe msimu mmoja nilipiga salfa wiki nne mfululizo nikidhani napambana na ubwiri unga, na majani yakazidi kupukutika. Kwa ubwiri unga salfa ni dawa nzuri mno. Kwa ubwiri vinyoya haifui dafu.

Ubwiri unga hukaa juu ya jani na juu ya tunda kama vumbi la unga. Ukipitisha kidole gumba, unafutika. Hauhitaji mvua. Hata kiangazi, kivuli chenye unyevunyevu kinautosha. Ubwiri vinyoya hauwezi kuambukiza pasipo maji juu ya jani. Kwa hakika si kuvu halisi, nasaba yake iko karibu zaidi na mwani. Vijimbegu vyake huogelea kwenye utando wa maji mpaka kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, na vitundu hivyo kwenye mzabibu viko upande wa chini. Sasa mtu akipita na bomba akilowesha juu tu, amefanya nini?

Magonjwa yote mawili yalifika Ulaya kutoka Amerika. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, na miaka michache baadaye mavuno ya Ufaransa yakaporomoka mpaka salfa ilipoenea. Ubwiri vinyoya ukaingia Ufaransa mwaka 1878. Kwa dawa yake, wa kushukuriwa ni wezi. Kule Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wakirashia mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, na chokaa kwenye mizabibu ya kandokando ya barabara, ili mpita njia aone zabibu zina sumu asichume. Mwaka 1882 profesa Millardet akapita hapo, akaona mizabibu ya kando ina majani yake yote, na ya ndani imepukutika. Mwaka 1885 alitangaza mchanganyiko huo.

Lakini mrututu hautibu. Unakaa juu ya jani ukimsubiri adui. Akishaingia ndani, umechelewa. Mvua huuosha, na jani lililochipua baada ya kunyunyiza halina kinga. Isitoshe, shaba yake haiozi, inajilimbikiza udongoni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Kama fedha yako ya dawa ni ndogo, itumie kuanzia kabla tu ya maua kufunguka hadi wiki nne hivi baada ya kuchanua. Hapo ndipo tunda changa hushikwa kwa urahisi na ubwiri unga. Baada ya hapo ganda lake hujikinga lenyewe, ingawa majani yanabaki hatarini. Anayengoja aone unga kwenye vichala ndipo akanunue dawa, ananunua majuto.

Matunda yakishashika, ondoeni baadhi ya majani yanayofunika vichala, hasa upande wa jua la asubuhi. Umande unakauka mapema, dawa inafika, na uozo wa kijivu, ule unaopenda vichala vilivyobanana, unakosa pa kujificha. Msivue nguo zote lakini. Jua la mchana huunguza tunda.

Halafu hili la kubadilisha dawa. Azoksistrobini na trifloksistrobini zina majina tofauti na chupa tofauti, ila ni dawa za kundi moja, namba 11, maana zinaua ukungu kwa njia ile ile. Ukungu ukishaizoea moja, na nyingine imekwisha kazi. Someni namba ya kundi kwenye lebo, si jina la chupa.

Ndugu wa kule nyuma ameuliza kama salfa inaweza kupigwa mchana. Joto likizidi nyuzi 30 inaweza kuunguza majani, kwa hiyo siku za joto piga alfajiri au jioni. Na kama umenyunyizia mafuta, ngoja wiki mbili kwanza. Mfuko wangu umefika wapi? Tafadhali msiufungue, utachomwa moto pamoja na jani lake.