Utepe wa Kuruta

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kitu kidogo kinachowachanganya wazazi wenye watoto katika jeshi la nchi kavu la Marekani: utepe wa utumishi, kile kitambaa cha rangi anachopewa askari mpya.

Tuanze na jina, maana sisi tukisema tepe tunamaanisha cheo: koplo tepe mbili, sajenti tepe tatu. Utepe huu haukai mkononi wala begani. Unakaa kifuani, juu ya mfuko wa kushoto, upana wake milimita 35, na kimo hakifiki sentimita moja. Anayeuvaa hana amri hata kwa kuku.

Nimekuja nao mmoja, upitisheni. Kingoni ni nyekundu, kisha rangi ya chungwa, njano, kijani, na katikati buluu. Ukivuka hapo rangi zinarudi kinyumenyume. Ndiyo, upinde wa mvua. Ulianzishwa Aprili 1981, na wingi huo wa rangi unasimamia kazi zote ambazo kuruta anaweza kupangiwa: mpishi, fundi magari, mpiga mizinga. Medali ya kuning'inia hauna. Ni utepe tu, basi.

Sasa, mama mmoja alinipigia simu kwa uchungu. Mwanawe kamaliza wiki kumi za kwata na shabaha, picha ya gwaride imefika, kifua kitupu! "Wamemdhulumu?" Hapana, mama. Kwa kanuni, utepe hutoka akishamaliza na kozi ya fani yake. Aliyeingia na ujuzi wa uraiani, asiyehitaji kozi, hungoja miezi minne ya utumishi.

Zamani kifua kitupu hakikuonekana sana, kwa sababu tangu Septemba 2001 walioingia jeshini walipata pia medali ya utumishi wa ulinzi wa taifa. Hiyo ilisitishwa 31 Desemba 2022. Ndiyo maana kaka mtu aliyeingia 2015 alitoka mafunzoni na tepe mbili kifuani, maana medali hiyo nayo huvaliwa kama utepe, na mdogo wake katoka na mmoja. Msiwalinganishe, jamani.

Jeshi la anga hutoa utepe wa kwao baada ya wiki saba na nusu za mafunzo kwenye kambi ya Lackland, San Antonio, Texas. Marine, wale askari wa majini wanaopigana hata nchi kavu, hawana kabisa. Kuruta wao hupitishwa kwenye jaribio la saa 54, chakula kidogo, usingizi kidogo, kisha hukabidhiwa nembo ya tai, dunia na nanga. Binafsi, ningechagua nembo hiyo.

Na msishangae mkiona utepe huu unahama. Siku ya kwanza hukaa peke yake. Nishani zikija, karibu zote huukalia juu, nao unashuka mpaka safu ya chini kabisa. Kwa sajenti mkongwe itabidi uinamishe shingo kuutafuta.

Haya, maswali. Ila kwanza, ule utepe wangu umefikia kwa nani?