Barafu Iliyobaki Kwenye Karatasi

Asanteni. Kilimanjaro mnaijua, sitawachosha na utangulizi: nataka tu mjue kwa nini ramani za zamani za karatasi zitunzwe. Nyie wa nyuma sogeeni mezani, ramani hii haisomeki kwa mbali.

Hapa ndipo Tandiko, ule uwanda kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Tazameni mistari ya kontua, hii inayoonyesha mwinuko: upande wa Kibo imebanana kama ukili wa mkeka, hapa katikati imeachana mpaka kidole kinapita. Sasa fuateni kidole changu kuelekea Kibo. Hapo palikuwa na barafu ya Ratzel. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, walitoka huku Tandikoni, wakaipanda wakichonga ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kule juu. Leo mgeni anayetoka kambi ya Kibo Hut usiku anakanyaga changarawe. Nimepita pale na wapagazi, vijana wanaoujua mlima kuliko mimi. Nilipoitaja Ratzel, mmoja akaniuliza ni kambi ya njia gani.

Najua mtasema: mzee, setilaiti zipo, simu ina ramani. Nimeshajibu hili mara nyingi! Landsat ya kwanza, setilaiti ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa 1972. Fritz Klute, mwanajiografia Mjerumani, aliupima mlima huu 1912, kwa picha alizopiga akiwa ardhini. Setilaiti gani itarudi kupiga picha ya 1912? Barafu ya mlima mzima wakati ule ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Tunalijua hilo kwa sababu kuna watu waliitunza karatasi. Halafu naingia ofisi moja, nakuta shiti za ramani za zamani zimetandikwa chini ya chupa ya chai, naambiwa zimepitwa na wakati. Iliniuma sana.

Na someni tarehe vizuri. Ramani ya Klute ilichapishwa 1920, Vita Kuu ya Kwanza vimeshapita katikati, lakini vipimo ni vya 1912. Ukihesabu kuyeyuka kuanzia 1920, umekosea miaka minane.

Naonyeshwa saa. Haya, majina ya Kichagga yaliyo kwenye ramani tutayazungumza siku nyingine. Selotepu msiibandike kwenye ramani, gundi yake inaila karatasi. Na mwenye ramani za mzazi aliyefanya kazi ya upimaji, hata kama zimeliwa na mchwa, anione hapa mezani kabla hajaondoka.