Sungusungu wa mwilini, na kwa nini nimechoka na "dawa ya kuongeza kinga"

Mwangaluka! Haya kaeni, nyie wa mlangoni sogeeni mbele viti vipo, mimi siumi.

Wengine mmeshanisikia nikilia na hili jambo, leo nalia tena. Haipiti wiki mtu hajaniambia dokta nipe kitu cha kuongeza kinga. Kuongeza! Kama vile kinga ni maji ya simtanki, unachungulia, unaona imebaki nusu, unajaza. Baba yangu mdogo ana soriasisi, magamba kwenye viwiko, magoti mpaka kichwani, kapanda basi kauziwa unga wa kijani, muuzaji anamwambia mzee kinga yako imeshuka. Kanywa miezi miwili. Sasa jamani, ngozi ya mtu inajitengeneza mbiombio kupita kiasi kwa sababu seli za kinga zimejazana pale na hazilali, halafu unamwambia imeshuka? Imeshukia kituo gani?

Na hili neno inflamesheni, yaani kinga ikiwaka sehemu fulani ya mwili, kuna wanaosema uvimbe. Mwambie mgonjwa ana uvimbe kwenye utumbo uone, anaanza kuaga ndugu, kichwani kwake hiyo tayari ni kansa. Mimi nasema inflamesheni, BAKITA watanisamehe.

Seli T za kawaida, hizi seli nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, mnazijua, sirudii. Kila moja na adui wake, inasubiri iletewe ushahidi kwenye tezi za limfu, izaliane, siku kadhaa zinapita ndo inafika eneo la tukio. Hao ni polisi, fomu ya PF3 kwanza. Lakini kuna kundi lingine, ni seli T kabisa ila tabia zao ni za kinga ya kuzaliwa nayo, hazisubiri. Nyie watoto wa huku hamhitaji kuelezwa mara mbili, hao ni sungusungu. Wazee wenu waliuanzisha ulinzi huo wa kijiji pande hizi hizi, Kahama, Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 80, ng'ombe wanaibiwa na polisi wako mbali. Sungusungu anakaa kijijini, silaha anayo tayari, hataki kujua mwizi anaitwa nani, ana dalili zake chache anazozijua basi.

Dalili zipi? Hapa ndo pananifurahisha. Chukua aina moja ya hao sungusungu, seli za MAIT, tamka meiti. Kwenye damu ni kati ya asilimia 1 na 10 ya seli T zote, kwenye ini zinaweza kufika hata 40, yaani siyo wageni hao. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua zinatazama nini, mpaka 2012 watu wa Melbourne kule Australia wakagundua kwamba protini moja inaitwa MR1 inazionyesha mabaki ya utengenezaji wa vitamini B2. B2 ileile! Bakteria wengi na hamira wanajitengenezea wenyewe, sisi hatuwezi, tunakula tu. Kwa hiyo seli ikikuta mabaki yale inajua hapa kuna mtu anapika na siyo mwenye nyumba.

Najua kuna mtu ameshapata swali, kwa hiyo dokta nikila maini nitawaka mwili mzima? Hapana. Maini yana B2 iliyokwisha kuiva, hiyo haimshtui mtu. Kinachoshtua ni kitu cha katikati ya mapishi, hakidumu, kinaharibika haraka kama MR1 haijakidaka. Ugali uliopakuliwa haushtui mlinzi, moshi kwenye nyumba isiyo na mtu ndo unamshtua. Kuleni maini.

Sasa shida. Sungusungu siyo lazima aone mwizi, akisikia yowe tu anatoka. MAIT nazo vilevile, zikipata IL-12 na IL-18, protini ambazo seli hupashana habari kwazo, kutoka kwa seli jirani zinaamka bila kuonyeshwa chochote, ndo maana zinawaka hata kwenye virusi kama vya mafua, na kirusi hana habari ya kutengeneza B2. Usiku mzuri hiyo ni faida. Usiku ambao yowe halikomi, na kila anayefika naye anapiga yowe, hapo mnafahamu kinachotokea, anapigwa hata shemeji aliyekuja kusalimia. Huko ndo zinakokutwa, kwenye ngozi ya soriasisi zikitoa IL-17, protini nyingine ya aina hiyo inayowasha inflamesheni, kwenye maji ya viungo vya wenye ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa, kwenye utumbo wenye vidonda.

Na hapa wanafunzi wa maabara mnakosea kila mwaka! Unapima damu ya mgonjwa wa utumbo unaona MAIT ni chache, unaandika zimepungua. Umehesabu walinzi ofisini kwa mtendaji wakati wote wako kwenye tukio.

Mtu ataniambia basi tuzime IL-17 tumalize kazi. Imefanyika. Dawa inaitwa sekukinumabu inazuia IL-17A, aina mojawapo ya IL-17, Marekani waliiruhusu 2015 kwa soriasisi na ngozi za watu zinasafika kweli. Dawa hiyohiyo walishaijaribu kwenye ugonjwa wa Krohni, inflamesheni ya utumbo isiyokwisha, ripoti ikatoka 2012, haikusaidia na wengine walizidiwa, kwa sababu utumboni IL-17 inashikilia ukuta usivuje. Molekuli ileile, huku inabomoa, kule inaziba. Sasa niambieni tuongeze au tupunguze?

Muda, naona mama wa chai anachungulia. iNKT, aina nyingine ya sungusungu, mtasoma wenyewe, kumbukeni tu kwamba panya anazo tele na sisi tunazo kiduchu, MAIT ni kinyume chake, panya wa maabara hana za maana, ndo maana vitabu vyenu vimejaa zile na hizi hazina hata ukurasa. Seli za gama-delta, nazo sungusungu, nilikuwa nimeziandalia nusu saa nzima, haya, moja tu. Kuna aina inaitikia vitu vya fosfeti ambavyo hata kimelea cha malaria anavitoa. Uganda, 2014, watoto waliougua malaria mara nyingi walionekana na seli hizo zimepungua na zimepoa, na haohao wakibeba vimelea walikuwa hawaumwi sana. Walinzi wachache, homa kidogo. Muuza unga wa kwenye basi mfikishieni na hiyo.

Baba mdogo sasa hivi anapaka steroidi zake, anaendelea. Unga uliobaki kampa jirani, na jirani jana kanipigia simu anauliza kama kweli unaongeza kinga.