Simbi wa Pwani Yetu: Gamba, Mng'aro na Utunzaji Wake

Ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani kuna magamba mawili ambayo sokoni huuzwa kwa jina moja la simbi, lakini ni ya konokono wawili tofauti. Lenye rangi ya manjano na vinundu pembeni ni la Monetaria moneta, aliyeelezwa kisayansi na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758. Hili la mviringo, lenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, ni la Monetaria annulus. Pwani yetu huyu wa pete ndiye mwingi. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Ulaya walimsafirisha kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi kutumika kama fedha, akamiminika mno hata thamani yake ikaporomoka.

Sasa ligeuzeni gamba, tazameni mdomo. Simbi mchanga hana meno haya. Gamba lake ni jembamba, mdomo uko wazi, na mzunguko wa konokono unaonekana kabisa. Akikomaa, ukingo hujikunja kwa ndani, meno huota pande zote mbili, na urefu hukoma hapo. Kuanzia hapo gamba huongezeka unene tu. Kwa hiyo simbi wa sentimita 1.5 mwenye meno ni mzima, si mtoto, udogo usiwadanganye.

Mng'aro je? Akiwa hai, nyama laini hutoka mdomoni kama joho, hupanda pande zote mbili na kukutana mgongoni. Joho hilo ndilo linalolifunika gamba lisikwaruzwe na kulipaka tabaka za chokaa laini. Mnyama akifa, hakuna wa kulitengeneza tena. Ndiyo maana ninasisitiza: msisafishe kwa siki wala ndimu. Asidi hula chokaa; mkiona mapovu, mng'aro ndio unaondoka, na haurudi. Lowekeni gamba tupu katika maji baridi usiku kucha, sugueni taratibu kwa mswaki laini, kisha lianikeni kivulini. Msilichemshe na kulitia ghafla kwenye maji baridi, litapasuka.

Wanaotaka kuwaona wakiwa hai waende maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua. Mchana simbi hujificha chini ya mawe na matumbawe. Usiku hutoka kula mwani. Inueni jiwe polepole, tazameni, kisha lirudisheni lilivyokuwa, upande uleule chini. Hili watu hulipuuza sana, nalo ndilo lenye madhara makubwa. Jike huketi juu ya mayai yake mpaka yaanguliwe, na jiwe likiachwa limepinduka, jua huyakausha mayai hayo pamoja na sponji na viumbe wengine walioshikamana nalo. Mkimwondoa jike, samaki na kaa huyamaliza.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar es Salaam, ni maeneo ya hifadhi ya bahari. Huko hata gamba tupu liacheni mlipolikuta.