Siku ya Kukwama Uwanjani ni Siku ya Kazi

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeombwa nizungumze na ninyi mnaojiandaa kwenda kazini Sudan Kusini, na ninyi ambao waume, wake au watoto wenu tayari wako kule. Walionitangulia wamewaeleza habari za mishahara, usalama na malaria. Mimi nitasema juu ya kutoka. Kuingia kambini kuna watu wa kukuhimiza, maana kazi inakungoja. Kutoka ni shauri lako wewe na mvua.

Nchi ile ni kubwa kuliko Kenya yetu, lakini lami yake ni kidogo mno. Barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, yenye kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu pekee ya lami. Ukiwa Pibor au Akobo mvua zimeshika, kati ya Mei na Oktoba, usitarajie gari likufikishe Juba. Unangoja helikopta, au ile ndege ndogo ya injini moja, Caravan, inayochukua abiria kama kumi hivi.

Na mnaposikia uwanja wa ndege, msifikirie Embakasi. Ni ukanda wa udongo uliosawazishwa, hauna taa wala ua, na ng'ombe hupita wanapotaka. Udongo wenyewe ni ule mweusi mnaoujua waliokulia Mwea au Athi River. Kiangazi hupasuka nyufa. Ukinyeshewa huvimba, ukalainika, ukashika gurudumu kama gundi. Hata Rubkona, karibu na Bentiu, ambako kuna kituo kikubwa, mafuriko yaliyoanza 2021 yalifanya uwanja uzungushiwe matuta ya udongo, na wahandisi wa walinda amani kutoka Pakistan wakawa hawana mapumziko, wakiyainua na kuyaziba ili maji yasiumeze.

Asubuhi ya safari, kabla ndege haijaondoka Juba, lazima mtu aliye kule chini athibitishe kwamba uwanja unafaa. Nimemwona mtu huyo akifanya kazi yake, na ningependa mumheshimu. Hutembea uwanja mzima kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Kila baada ya hatua kadhaa hukanyaga kwa kisigino, kwa nguvu, kisha huinama kuangalia shimo alilolifanya. Halafu Land Cruiser hupitishwa katikati, na yeye hufuata nyuma akipima kwa vidole jinsi matairi yalivyozama. Alama zikiwa za kina, anachukua redio na kusema hapana. Hapo ndipo abiria wanapokasirika, kwa sababu juu jua linawaka na hakuna wingu. Mvua ilinyesha usiku wakiwa wamelala. Udongo ule unahitaji siku nzima ya jua, wakati mwingine mbili, na ikinyesha tena jioni mnaanza upya.

Hata uwanja wenu ukikauka, hamjamaliza. Ndege za Umoja wa Mataifa za kuhudumia wafanyakazi wa misaada, zinazosimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, huzunguka vituo kadhaa kwa siku moja. Wakichelewa kwa wenzenu, mnachelewa ninyi pia, na kwa kuwa hakuna taa, rubani lazima ahesabu saa zake arudi Juba kabla ya jua kuzama. Kituo cha mwisho ndicho kinachoachwa. Kuna joto pia: adhuhuri hewa huwa nyepesi, uwanja ni mfupi, uzito lazima upunguzwe, na begi lako au wewe mwenyewe unabaki. Akitokea mgonjwa mahututi, kiti ni chake. Hilo halina mjadala.

Sasa nisikilizeni hapa. Msimsukume rubani, wala yule wa redio. Tarehe 9 Septemba 2018 ndege ndogo kutoka Juba ilianguka ziwani ikikaribia kutua Yirol, kukiwa na ukungu mzito, na karibu wote waliokuwamo walikufa. Tarehe 29 Januari 2025, ndege iliyokuwa ikiwatoa wafanyakazi wa visima vya mafuta katika jimbo la Unity ilianguka mara tu baada ya kupaa. Walikuwamo watu 21, akanusurika mmoja. Sisemi ajali hii ya pili ilisababishwa na mvua. Nasema wale walikuwa watu kama ninyi, wakitoka kambini.

Kwa hiyo kungoja sikulalamikii. Ninacholalamikia ni nani anayelipia kungoja huko. Watumishi wa Umoja wa Mataifa walio katika vituo vigumu wana mapumziko ya siku tano za kazi, na siku za safari huhesabiwa kando. Lakini mpishi, fundi wa jenereta na dereva walioajiriwa kupitia wakala mara nyingi huhesabiwa siku za kalenda, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye ruhusa. Nilifanya kazi na dereva mmoja kutoka upande wa Kitale. Alifiwa na baba yake. Kila asubuhi alifunga begi, akaketi kando ya uwanja, na kila asubuhi redio ikasema hapana. Baba akazikwa yeye akiwa amekaa pale. Alipofika nyumbani hatimaye, mwajiri alikuwa ameshazikata zile siku zote kwenye likizo yake, akabakiwa na siku mbili. Mtu aliyekwama kambini halali na mkewe, hachagui chakula, hawezi kwenda popote. Yuko kazini. Haki yake ihesabiwe hivyo, na naomba wenye ofisi walio humu ukumbini wanisikie.

Ninyi mlio nyumbani, msipewe tarehe, mpewe juma. Akikuambia anakuja Ijumaa, mpangie shughuli za Jumatano inayofuata. Na mahari, mazishi au karo visimfunge yeye peke yake. Awepo ndugu mwenye mamlaka ya kuendelea bila yeye.

Na ninyi mnaokwenda, kabla ya kutia sahihi ulizeni ndege isipokuja siku hizo zinaingia wapi. Ulizeni mkifika Juba mmechelewa na ile ya Nairobi imeshaondoka, hoteli analipa nani, na tiketi mpya analipa nani. Ulizeni kibali chenu cha kukaa kikiisha mkiwa bado kambini nani atakishughulikia. Jibu liwe kwenye mkataba, si la mdomo. Walio na mikataba hapa wailete mezani tuisome pamoja. Nipo hadi jioni.