Angelic Upstarts: Kundi Lililogombana na Mashabiki Wake

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunajadili Angelic Upstarts, kundi la panki, yaani roki ya kasi na ukali, lililoanzishwa mwaka 1977 huko South Shields, mji wa bandari na makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwimbaji wake, Thomas Mensforth, maarufu kwa jina la Mensi, alikuwa amefanya kazi mgodini kabla ya kushika maikrofoni.

KASSIM: Na wimbo uliowatambulisha, dada Zuhura, haukuwa wa mapenzi. Ulimhusu Liddle Towers, fundi umeme na mwalimu wa ndondi aliyefariki mwaka 1976 baada ya kutiwa mikononi mwa polisi. Uchunguzi wa kwanza wa kifo hicho uliamua kwamba aliuawa kwa sababu halali, uamuzi uliozua hasira kubwa. Mwaka 1978 wakaurekodi wimbo huo na kuutoa kwa lebo yao wenyewe.

ZUHURA: Hapo ndipo uhasama wao na polisi ulipoanza, nao hawakujaribu kuupoza. Mwaka 1979 walitumbuiza wafungwa ndani ya gereza la Acklington, na jukwaani wakakikatakata kichwa halisi cha nguruwe, kwa kuwa nguruwe ndilo tusi ambalo polisi hutupiwa kule. Bado najiuliza ni nani aliyeidhinisha onyesho lile!

KASSIM: Kampuni ya rekodi ya Polydor iliachana nao kabla ya albamu, kampuni nyingine, Warner Bros., ikawachukua, na mwaka huohuo singo ya "Teenage Warning" ikafika nafasi ya 29 katika chati za Uingereza. Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa mbele ya jukwaa. Vijana wanyoa vipara, yaani maskinhedi, waliwapenda sana, ilhali chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kikisaka wafuasi miongoni mwao. Ajabu ni kwamba mtindo wenyewe ulizaliwa miaka ya 1960, vijana wazungu wa tabaka la wafanyakazi walipocheza ska na rege pamoja na wahamiaji wa Jamaika.

ZUHURA: Hata hivyo, ndugu Kassim, katika albamu yao ya mwaka 1981 waliimba "England", wimbo wa kuisifu nchi yao. Je, hawakuwafungulia wabaguzi mlango wao wenyewe?

KASSIM: Sikubaliani nawe. Albamu yenye wimbo huo inaitwa 2,000,000 Voices, yaani Sauti Milioni Mbili, nayo inawasemea watu wasio na ajira. Mensi alikuwa msoshalisti. Aliipenda nchi yake bila kumchukia jirani, na alipambana na mafashisti waziwazi, hata baadaye akajiunga na Anti-Fascist Action, kundi la kupinga ufashisti, ingawa msimamo huo uliwaletea vurugu katika maonyesho yao.

ZUHURA: Hilo nalikubali, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 1983 walitoa "Solidarity" kuwaunga mkono wafanyakazi wa Poland. Mensi alifariki Desemba 2021 kwa UVIKO-19. Je, asiyewahi kuwasikia aanze na albamu ipi?

KASSIM: Aanze na 2,000,000 Voices. Ile ya kwanza ina hasira zaidi, lakini hii ndiyo yenye nyimbo bora.